Chukua ya Mwisho

Niliiambia mashine ichukue ya mwisho, nayo ikachukua ya mwisho. Kosa ni langu, mashine haina dhambi. Nalisema mapema, kabla sijaanza kulipamba, maana mimi ni mtu wa mizaha, na sisi watu wa mizaha tuna ugonjwa wa kuficha makosa ndani ya kicheko kama mtoto anayeficha nyama chini ya ugali.

Siku tulipofungua ile kompyuta, yaya Nabintu alikuwa amekaa kwenye kitanda changu, chumba changu cha Nyamityobora, mjini Mbarara, shingo imezungushiwa bendeji. Kwetu Bukavu yaya ni dada mkubwa, si mtu wa kulea watoto wa matajiri, ingawa huyu wangu alinilea pia. Madaktari walikuwa wametoa uvimbe, na pamoja na uvimbe wakatoa sauti. Walituambia mapema, hawakutudanganya. Sasa alipumulia tundu dogo pale shingoni, na hewa ilitoka na mluzi mwembamba, kama birika linalochemka nyumba ya pili.

Binti yake Bénédicte akamwekea kompyuta magotini. Kwenye kioo kulikuwa na picha: kikombe, mlango, kitanda, samaki, msalaba. Unagusa picha, kompyuta inasema sentensi uliyoirekodi, kwa sauti yako mwenyewe. Yaya hajui kusoma. Picha zilimtosha.

Akagusa kikombe.

“Niletee ile kikombe ya…” ikasema kompyuta. Ilikuwa sauti yake kabisa, ile yenye mchanga kidogo ndani. Kisha kimya.

Tukangoja, kama mnavyomngoja mtu aliyefungua mdomo kupiga chafya. Akagusa tena. Ile kikombe ya. Akagusa kitanda.

“Leo minasikia muzuri, lakini…”

“Lakini nini, mama?” Bénédicte akauliza, kwa kujisahau.

Yaya hakumtazama. Alinyoosha kidole kwenye kompyuta, halafu akakigeuza polepole mpaka kikanifikia mimi. Kwa hilo hakuhitaji picha.

Soko la Base Camp, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, lote linaijua sauti ya yaya. Anauza ndagala, wale samaki wadogo wakavu ambao Waganda wanawaita mukene, na kabla hujaiona meza yake ulikuwa umeshatukanwa na hiyo sauti. “Usiguse kama hununui! Hii ndagala iko na macho, inakuona!” Watu walipita fasi yake, pale mezani, hata bila haja ya samaki, ili watukanwe kidogo waanze siku. Hivyo daktari aliposema kwamba uvimbe utaondoka na sauti, sikulia. Nilienda kutafuta. Nina diploma ya kompyuta, na mtu mwenye diploma akishindwa kulia anatafuta kwenye mtandao.

Nikaipata hiyo programu ya picha. Waliitengeneza watu wa kujitolea, kila mmoja na nchi yake, na kila baada ya siku chache waliweka toleo jipya kwenye ghala lao huko mtandaoni. Tatizo lilikuwa Nakivale. Mtandao wa Nakivale ni kama paka wa jirani: unachungulia mlangoni, ukiuita unakimbia. Kifurushi kizima cha programu kisingeshuka kule hata kwa maombi ya kufunga. Lakini mimi nafanya kazi Kakoba, mjini Mbarara, kwenye duka la Kampire. Tunatengeneza simu na kuchapa mialiko ya harusi, na mtandao upo mchana kutwa.

Basi nikaandika kaprogramu kadogo. Kila jioni kanaingia kwenye ghala, kanasoma orodha ya vifurushi, kanachukua cha mwisho, kanakiweka kwenye flashi. Kakimaliza kanaandika kwenye kioo: *Tayari, bosi.* Hayo maneno niliyaweka mwenyewe, ili angalau kitu kimoja duniani kiniite bosi. Jumamosi nampa flashi dereva wa taksi wa Nakivale, Bénédicte anaipokea na kusimika programu kwenye kompyuta.

Nilimweleza yaya kwa simu kwamba usiku mashine yangu inapakua yenyewe.

“Inapakua nini?” akauliza. Kwake kupakua ni kutoa chakula kwenye chungu. “Usiku watu balilala, inapakulia nani?”

“Inakupakulia weye.”

“Basi iniwekee mingi. Na ikumbuke mboga.”

Nilicheka mpaka Kampire akageuka kwenye kiti chake. Kampire ni Munyankore, mama mwenye duka, Kiswahili chake alikiokota kwa wanajeshi na wauza ng'ombe. “Wewe Venuste,” akasema, “hiyo kompyuta yako inafanya kazi kushinda wewe.”

“Ndiyo maana nimeiajiri, nyabo.”

Sasa nieleze hilo neno, mwisho. Mtu wa mjini atasema nilikuwa mvivu, na hatakosea, lakini uvivu wangu una mahali ulipozaliwa. Tulipofika Uganda tulipokelewa kwenye kituo cha wakimbizi cha Kabazana, na pale Kabazana maisha yote ni mstari. Mstari wa maji, wa uji, wa kupigwa picha. Ukifika huulizi mkubwa ni nani. Unauliza, “Wa mwisho ni nani?” Mtu ananyoosha mkono, unasimama nyuma yake, na sasa wa mwisho ni wewe, mpaka aje mwingine na vumbi la njiani kwenye viatu. Kwa hiyo kwetu mgeni yuko mkiani. Ukitaka kumjua aliyefika leo, usihangaike na majina, tazama mwisho wa mstari. Diploma ilikuja baadaye na haikuliondoa jambo hilo kichwani mwangu.

Nilipotaka toleo jipya, nikaandika: chukua la mwisho. Siku nilipokajaribu kale kaprogramu kalifanya sawasawa, kwa sababu siku ile kwenye ghala kulikuwa na matoleo tisa, na la tisa ndilo lililokuwa limefika juzi.

Yaya akaanza kurekodi. Bénédicte alimweka kwenye stoo ya kanisa, wakatundika blanketi mlangoni kuzuia kelele za kuku. Alifanya kila siku baada ya soko, amechoka, koo linamuwasha. Alirekodi maneno ya nyumbani, ya sokoni, ya kusali. Wakimaliza sentensi waliisikiliza, nayo ilikuwa nzima, tamu. Walipofunga kompyuta ndipo toleo la tisa lilipofanya ubaya wake: likahifadhi pumzi ya kwanza ya kila sentensi na kutupa iliyobaki. Nani angejua? Hakuna mtu anayerudi kuonja chakula alichokwisha kukifunika.

Watengenezaji wenyewe walijua. Waliandika tangazo: la tisa linakata sauti, chukueni la kumi haraka. Tangazo hilo nililisoma. Nakumbuka nilikuwa nafungua simu ya mtu, bisibisi mdomoni, na nikajiambia, hao wengine wapate shida, mimi yangu inajichukulia yenyewe. Jioni ile kioo kikaniandikia: *Tayari, bosi.*

Nilitoka chumbani nikamwacha yaya na kikombe chake kisicho na kitu, nikaenda dukani kwa miguu. Nikafungua ghala na kutazama ile orodha kwa macho yangu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu siku ya kwanza.

Ghala halipangi vitu kwa umri. Linapanga kama mtu wa kamusi, alama kwa alama, kuanzia ile ya mbele. Kumi inaanza na moja. Basi toleo la kumi lilipofika halikwenda mkiani kama mgeni mwenye adabu, lilikwenda kusimama mbele, ubavuni mwa moja, pamoja na wazee. La kumi na moja likalifuata huko. Na tisa, masikini, akabaki mwisho wa mstari, siku zote mwisho, na kaprogramu kangu kila jioni kanamkuta pale, kanamshika mkono, kananiletea. Yule yule. Wiki baada ya wiki nilimtuma dereva apeleke Nakivale kitu ambacho Nakivale tayari ilikuwa nacho.

Kampire alisimama nyuma yangu. Nilimweleza.

“Banange,” akasema. “Si ulisema hiyo kitu inafanya yenyewe?”

“Inafanya yenyewe.”

“Sasa wewe ulikuwa unafanya nini?”

Akaninunulia chai, akaiweka karibu na mkono wangu, akarudi kwenye mialiko yake ya harusi.

Nilirekebisha neno lile. Kazi ya muda wa kunywa chai, na chai yenyewe bado ya moto. Kisha nikawaandikia watengenezaji kuuliza kama sauti iliyokatwa inarudi. Wakajibu kwa upole mkubwa kwamba hairudi. Nikazunguka kwa ndugu na jamaa, nikawaomba kila ujumbe wa sauti ambao yaya aliwahi kuwatumia kwenye simu. Nilipata mingi. *Uko wapi? Unga umeisha. Mbona simu yako imezimwa kama ya mwizi?* Nikaiweka yote, nikaipatia picha. Lakini mtu hawezi kuishi kwa *uko wapi* tu.

Yaya alirudi Nakivale, akarudi sokoni. Kompyuta inakaa mezani kati ya mizani na ndagala, imefunikwa nailoni. Maneno mafupi yalipona, maana yaliisha kabla pumzi haijaisha: ndiyo, hapana, aksanti, kwenda huko. Yale marefu watu wanamkamilishia. Akigusa samaki, “Usiguse kama…”, soko zima linaitikia “…hununui!” na wateja wa mbali wanakuja kuona ni kanisa gani. Nyumbani wajukuu wamegeuza kuwa mchezo. “Niletee ile kikombe ya…” Chai! Maji! Uji! Na yeye anawangoja mpaka wapatie, akiwa amechoka, mkono shavuni, kama mwalimu wa darasa gumu. Kwenye msalaba inasema “Baba yetu uliye…” na wote wanamalizia sala, hata mimi ambaye nilikuwa nimeanza kuisahau katikati.

Naenda kila wiki mbili. Barabara inanivunja kiuno, nafika nimekuwa rangi ya vumbi, nakaa kwenye jerikeni nyuma ya meza yake namsaidia kuchambua. Hanilaumu. Ningependa anilaumu, lakini sentensi ya kunilaumu hakuirekodi.

Jumapili moja, nyumbani, soko limefungwa, alinionyesha picha ambayo sikuwahi kuiona. Ilikuwa chini kwenye kona: ndege. Bénédicte akasema hata yeye hajui inasema nini. Ilirekodiwa siku ya kuamkia safari ya hospitali, Mbarara. Mama aliuliza tu afinye wapi, akamtoa nje, akashusha blanketi.

Yaya akaigusa.

“Venuste, mudogo yangu, minakuomba u…”

Nikafanya ninachojua kufanya. “Niache pombe?”

Akagusa picha nyingine. “Hapana.”

“Sinywi, nilitaka kuhakikisha. Nioe?”

“Hapana.”

“Ata yeye ameshakata tamaa!” Bénédicte akasema, anapangusa machozi ya kicheko.

“Nipunguze maneno?”

Yaya akafikiri kidogo kwa heshima. “Hapana.”

“Nikurudishe Bukavu?”

Hapo hakugusa kitu. Hakuwa na hasira. Alivuta sinia la ndagala karibu, akaanza kuchambua, samaki huku, majani na changarawe huku. Bénédicte alielewa kabla yangu kwamba mchezo umekwisha, akachukua ndoo akatoka kwenda kuteka maji.

Nikasogeza jerikeni. Nikamwambia aniambie kwa mikono, kwa midomo, kwa kuchora chini, nitakaa hapo mpaka nielewe, taksi zikiondoka ziondoke. Mluzi wa shingo yake ulikwenda na kurudi. Kidole chake kilikuwa kati ya ndiyo na hapana, na hakikugusa hata moja. Kiliinuka, kikaokota kipande cha jani kwenye sinia.

“Yaya,” nikasema. “Nifanye nini? Niambie.”

Samaki mmoja, halafu mwingine, wakaangukia kwenye beseni.

“Minakuomba, yaya.”