Vitoto vya Kwapani

"Usiniambie kizazi, wifi! Kizazi gani kinachozaa barafu?" alifoka mke wa kaka.

"Kizazi baridi," alijibu mpandishaji, mtia mbegu mifugo wa mtaa, na aibu ikamshika kabla hajamaliza kusema.

Ndani ya banda nguruwe jike alikuwa amelala ubavu, ananyonyesha. Vitoto vyake vilikuwa vya barafu tupu, vinang'aa kama glasi. Maziwa yalionekana yakishuka kooni na kugandia tumboni. Adhuhuri vingekuwa maji, kama vya uzazi uliopita. Jirani alishakuja na ndoo kuomba kimoja cha kupozea maji ya kunywa, akapewa.

Kaka wa mpandishaji alisimama nje na kamba, kando ya pikapu ya mchinjaji. Hawakuwa na jike mwingine.

"Dada ndiye aliyesomea," alimwambia mkewe. "Akisema tasa, ni tasa."

Kusomea alisomea, ila ng'ombe. Mbegu za ng'ombe zilizogandishwa alizoea kuziyeyushia kwapani akiwa njiani, na ndama walizaliwa. Za nguruwe hazitaki mchezo: zinataka maji ya moto yaliyopimwa kwa kipimajoto, kisha jike apandishwe papo hapo. Mkufunzi alieleza, naye alielewa vizuri sana. Lakini kuzunguka na chupa ya maji moto kulimchosha, basi. Kila mrija wa mbegu aliubana kwapani, akapiga soga na wenyeji, ndipo akapandisha. Mambo yalipoharibika, aliwasingizia majike. Mtaa mzima ulikuwa umeshachinja kwa neno lake.

"Wifi yangu," mke wa kaka alisema, sasa kwa sauti ya chini, "mwambie kaka yako tujaribu tena. Wewe anakusikia."

Mpandishaji, aliyekuwa amechuchumaa mlangoni mwa banda, akafungua mdomo. Hapo hapo vitoto vikaachia chuchu. Vikaja mbio vikigongana kama vikombe kwenye sinia, vikampita wifi, vikampanda mpandishaji magotini. Kila kimoja kikasukuma pua kwapani mwake, kikatulia.

Wifi alivitazama, kisha akamtazama yeye usoni.

"Kumbe kwao ni huko," alisema.

Mpandishaji hakujua auweke wapi uso wake. Maji baridi yalimtiririka ubavuni. Akikiri hapa, atakiri kila nyumba, mpaka kwa yule mjane wa kona aliyelia siku ya kuchinja.

"Haya, Dada!" kaka aliita. "Mchinjaji ana haraka. Napakia au sipakii?"

"Pakia. Ni tasa."

Akainuka. Vitoto vikadondoka sakafuni, vikapasuka. Akaichukua kamba mkononi mwa kaka yake, akamfunga jike mguu, akamsukuma mwenyewe juu ya ubao mpaka ndani ya pikapu, akafunga komeo la nyuma.

Wifi akaenda kuleta ufagio.