Saa Arobaini na Nane za Arlys

Duane Teig alipoletewa fomu za ruzuku ya serikali ya jimbo, jina la kwanza aliloandika lilikuwa la Arlys Hoekstra, na wala hakumwuliza mwenyewe. Duane alikuwa msimamizi wa karakana, na Arlys alikuwa fundi wake bora kwa miaka ishirini na miwili, sasa amwulize nini? Serikali ingelipa, chuo cha jamii kingeleta mwalimu hapohapo kiwandani, na watu kumi na wanane wangefundishwa kuendesha mashine mpya za kompyuta zilizotarajiwa Januari. Mashine ya Arlys, ile ya kusagia shafti za matrekta kwa jiwe linalozunguka, ingeuzwa kama chuma chakavu. Mwenye cheti angehamia kwenye mashine mpya. Asiye nacho angepelekwa kufungasha maboksi.

Arlys alikuwa na miaka hamsini na sita, na maboksi hakuyataka hata kuyasikia.

Masomo yalifanyika kantini, Jumanne na Alhamisi, saa sita mchana hadi saa tisa. Jumla yake saa sitini, na sharti la serikali lilikuwa moja: mtu akihudhuria chini ya arobaini na nane, hana cheti, na chuo hakilipwi chochote kwa ajili yake. Kila mtu alisaini akiingia na akitoka. Mwalimu Rademacher, mtu mpole mwenye suruali iliyomzidi kiuno, alilisema hilo siku ya kwanza, nao wakaitikia kwa vichwa huku wakitafuna mkate wa ndizi.

Sasa, shafti zikileta matata, Duane amwite nani? Hamwiti mvivu. Alijitokeza mlangoni, kofia mkononi kwa adabu, akasema, "Arlys, dakika kumi tu." Dakika kumi zikawa arobaini. Wiki iliyofuata akaja tena. Wale ambao hakuna aliyewataka kazini walikaa darasani raha mustarehe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiwandani, ukitaka kusoma kwa utulivu, uwe goigoi.

Na ukweli usemwe, Arlys alipenda kuitwa. Alijifanya anaguna, lakini alitembea kuelekea mlangoni mabega juu.

Jambo la pili lililompunguzia saa alijitakia mwenyewe. Kila alipotoka aliandika saa na dakika, na aliporudi vilevile. Wenzake walitoka kuvuta sigara nusu saa nzima bila kugusa kalamu.

"Shoga, hata ukienda chooni unaandika?" Lupe Barrientos, aliyekaa naye meza moja, alimcheka.

"Karatasi inauliza umetoka saa ngapi. Nimetoka saa saba na dakika kumi na moja."

"Haya, mtakatifu. Ngoja ikutie kitanzi hiyo karatasi."

Likaja kuwa kweli. Yalipobaki masomo mawili, mwalimu alimwita pembeni akamwonyesha hesabu. Alikuwa na saa arobaini na mbili. Akikaa yote mawili bila kukosa hata dakika, anafika arobaini na nane kamili.

"Siwezi kukuongezea," alisema mwalimu, na ilionekana kweli imemuuma. "Jimbo linakagua karatasi hizi, na umeziandika vizuri kuliko wote."

Arlys alikwenda moja kwa moja kwa Duane. Duane alicheka.

"Wewe? Wewe ndiye unayejua kazi kuliko wote humu! Acha, nitaongea nao."

"Bosi, hakuna wa kuongea naye. Ni saa tu. Usiniite."

"Sikuiti. Nimekuelewa."

Alhamisi hakumwita. Ila somo la mwisho lilianguka Jumanne ya wiki ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, maana chuo kilipanga ratiba bila kumwuliza mtu yeyote mwenye bunduki. Mafundi wawili walioijua mashine ya kusagia walikuwa porini na jaketi zao za rangi ya machungwa. Shafti arobaini zilitakiwa kupakiwa kwenye lori la saa kumi.

Saa saba na nusu Duane akasimama mlangoni. Safari hii kofia ilikuwa kichwani.

"Arlys."

Mwalimu Rademacher akageukia ubao, akawa anafuta mahali palipokwishafutika.

"Siji," alisema Arlys.

"Dakika kumi. Naapa."

"Siji, Duane." Hakuwahi kumwita kwa jina mbele za watu.

"Miaka yote hii nimekubeba, na leo ndiyo siku ya kunitupa?"

Maneno hayo yalimchoma Arlys. Lupe ndiye aliyejibu. "Amebebwa nani? Nenda kaiwashe mwenyewe, mzee, si ulikuwa fundi zamani?"

Duane akaondoka. Baada ya muda mashine ikaunguruma upande wa pili wa ukuta. Arlys aliinamia daftari lake, lakini masikio yalikuwa kule. Alisikia jiwe likisogezwa haraka mno. Maji ya kupozea hayakuwa yamefunguliwa. *Rudisha nyuma*, alisema moyoni, *rudisha, inachemka*. Magoti yalitaka kusimama yenyewe. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, naye akayaacha yatoke. Kisha ukasikika mpasuko, na kimya.

Watu wawili walikimbia kutazama. Hawakuandika saa ya kutoka.

Saa tisa kamili mwalimu alisambaza karatasi za kusaini kutoka. Duane aliingia, uso umesawijika, vumbi la jiwe mpaka kwenye nyusi. Arlys alitazama mikono ya Duane kwanza. Vidole vyote vilikuwepo. Alishusha pumzi.

"Jiwe limepasuka," alisema Duane.

"Nimesikia."

"Ulisikia ninavyoliharibu?"

"Tangu mwanzo."

"Na ukakaa tu?"

"Nikakaa," alisema Arlys, akavuta karatasi, akasaini.