Nyumba Katikati ya Kanisa

Jumapili ya kwanza ya Agosti 1934, katika kanisa la mawe lililo juu ya barabara ya Usa River, mlowezi Bwana Steini alitoa leso mfukoni, akafuta ukingo wa kikombe cha Meza ya Bwana mara tatu, akakitazama, kisha akamrudishia mchungaji bila kunywa. Aliyekunywa kabla yake alikuwa Tabea, mke wa mwinjilisti Sadoki. Tabea alikuwa bado amepiga magoti. Aliiona leso ikikunjwa na kurudi mfukoni. Mchungaji akafunika kikombe, wakaimba wimbo wa mwisho, watu wakaenda nyumbani kula.

Jumapili iliyofuata, ujia uliotenganisha viti vya wazungu upande wa kushoto na mabenchi ya Wameru upande wa kulia ulikuwa umeongezeka hatua mbili. Mzee wa kanisa Philemoni, ambaye kazi yake ilikuwa kufagia, alisema anahitaji mtu wa kumsaidia, akapewa. Kufikia Krismasi palikuwa na hatua mia tatu, na nyasi zilikuwa zimeanza kuota kwenye saruji. Kwa nje kanisa lilibaki vilevile, na mtu aliweza kulizunguka kabla hajamaliza kusali Baba Yetu.

Hakuna aliyelalamika. Wazungu walikuwa na mlango wao, wakasema sasa hewa ni nzuri. Wameru walikuwa na mlango wao, wakasema afadhali, maana Bwana Steini alizoea kuja ibadani na mbwa. Tatizo lilikuwa sauti ya mchungaji, ambaye alisimama upande wa kushoto. Wakati wa vita mahubiri ya saa nne yalifika kulia saa tisa alasiri. Mwaka mmoja Krismasi iliwafikia katikati ya Januari, na watu waliokwisha kuchinja walilazimika kuchinja tena.

Sadoki na Tabea walikuwa wakivuka. Mwanzoni walivuka baada ya ibada, wakasalimia, wakarudi kabla ya chakula cha mchana. Safari ilipofika siku tatu waliona heri wahamie huko. Walijenga nyumba ya miti na udongo katikati ya ujia, mwendo wa siku moja na nusu kutoka kila mlango. Binti yao Eunike, mwenye miaka minane, walimwacha kwa bibi yake kwa mwaka mmoja, mpaka mambo yatengemae. Mwaka ule haukuisha.

Mvua haikunyesha mle ndani, lakini mvuke wa nyimbo za pande zote mbili ulikutana juu ya paa lao kila alfajiri ya Jumatatu, ukadondoka kama ukungu wa mlimani, na migomba ikazaa. Sadoki alichimba vyoo na kuchonga benchi moja refu. Tabea alifundisha kushona, kufunga vidonda na kufuga nyuki. Darasa lilikuwa la watu wote. Alikuja Nashipae, mwanamke wa Olmotonyi aliyekuwa akitafuta mbuzi, akajifunza kushona shati, akaondoka. Alikuja dereva wa Kizungu mwenye jipu shingoni. Tabea alilikamua, naye akaondoka bila kuaga. Wengine walituma mawe. Upande wa kulia waliwaita vibaraka. Upande wa kushoto mtu aliwafungulia nyuki wao, wote, mizinga tisa.

"Mwalimu," Bwana Steini alimwambia Sadoki siku moja, akiwa ameketi kwenye kiti chake upande wa kushoto, "mimi na wewe tutakaa pamoja mbinguni. Huko kuna nafasi."

Mwaka wa sita baada ya vita amri ilitoka kwamba watu wa upande wa Momela wahame, ardhi yao iwe malisho ya ng'ombe wa walowezi. Bwana Steini alikuwa mmoja wa wale watakaopewa. Eunike alikuwa ameolewa huko, na alikuwa na mtoto mgongoni.

Wanaume walikutana nyumbani kwa Mzee Philemoni. Walikubaliana kulala barabarani, kama malori ya kuwahamisha yanataka kupita yapite juu yao. Sadoki aliomba kusema.

"Nipeni wiki moja," alisema. "Steini amekubali kuja katikati. Ameandika kwa mkono wake. Atafika Jumatano na wenzake, tuzungumze kama Wakristo. Ameomba wanaume wote wenye mashamba wawepo."

"Miaka kumi na saba hujamleta hata mbwa wake," alisema Philemoni.

"Sasa anakuja."

Eunike alikuwa amesimama mlangoni. "Baba," alisema, "kama anataka kuzungumza, kwa nini anataka wanaume wote?"

"Ili awasikie wote, mwanangu."

Wengi wao Sadoki ndiye aliyewafundisha kusoma. Wakaenda. Waliingia kwa mlango wa kulia Jumatatu jioni, wanaume sitini, wakatembea usiku na mchana. Tabea aliwapikia ndizi na maharage katika vyungu alivyoviweka kwa ajili ya siku kama hiyo tangu alipohamia. Alitandika benchi kitambaa. Upande mmoja wa benchi waliketi wanaume, wakabanana, ili upande wa pili ubaki wazi.

Jumatano jioni mtu mmoja alionekana akitokea kushoto. Alikuwa Memsabu Hesta, mke wa Bwana Steini. Viatu alivishika mkononi na miguu yake ilikuwa inatoka damu. Alisimama mbele ya benchi lakini hakuketi.

"Msimngoje," alisema. "Hayuko nyuma yangu. Malori yaliondoka jana asubuhi."

Kisha Philemoni akauliza, "Ulijua lini?"

"Jana. Wakati wa chai."

"Kutoka shambani kwako mpaka kwetu, kwa barabara, ni mwendo wa asubuhi moja. Ungewakuta wanawake, wakaficha hata ng'ombe. Mbona ulipita huku ndani?"

Hesta aliangalia viatu vyake. "Barabarani kulikuwa na watu wanaonifahamu," alisema.

Wanaume walikimbia. Walitoka mlango wa kulia Alhamisi mchana, na mlimani moshi ulikuwa umekwisha kupungua. Nyumba zilikuwa zimechomwa kwa zamu, kuanzia juu kushuka chini. Wanawake, watoto, ndama na vyungu walikuwa wameshushwa kwenye nyika yenye mbung'o, mbali kidogo na mahali penye maji. Eunike alikuwa amekaa kizingitini kwake mpaka paa liliposhika moto, wakambeba. Mama mkwe wake alifia kwenye lori, katikati ya kinu na ndama, na kwa kuwa lori lilikuwa limejaa aliendelea na safari akiwa amesimama.

Katikati, Tabea alikuwa akisugua vyungu. Chakula kingi kilikuwa kimebaki. Hesta alikuwa kwenye ncha ya benchi, miguu yake ndani ya beseni la maji ya chumvi aliloletewa.

"Mama Eunike, nisamehe," alisema.

"Leo siwezi," alisema Tabea. "Jembe liko nyuma ya mlango."

Hesta akabaki. Bwana Steini aliwaambia watu kwamba mke wake amekwenda kwa ndugu zake kusini. Ng'ombe wake walinenepa kule Momela, naye akachaguliwa kuwa katika halmashauri ya kanisa upande wake. Katikati, wanawake hao wawili walilima ngwe kwa ngwe. Kila Jumamosi Hesta aliuliza tena, na kila Jumamosi Tabea alijibu kwamba bado. Baada ya miaka minne Tabea alisema, "Haya," akampa mche wa kupanda.

Sadoki alivuliwa uinjilisti na wazee wa kulia. Aliendelea kuvuka, wiki moja kulia na wiki moja kushoto, akasimama mbele ya watu na kusema samahani, nao wakafungua vitabu vya nyimbo. Alifariki mwaka 1957. Wenye makaburi ya kulia walisema si mtu wao. Wenye makaburi ya kushoto hawakuulizwa. Tabea na Hesta walichimba wenyewe kwenye saruji, kwa sululu, siku tatu.

Baada ya hapo Tabea alianza kwenda upande wa kulia Jumapili moja kila mwezi, kwa sababu Eunike alikuwa akija kutoka nyikani kuabudu siku hiyo. Aliketi kwenye benchi moja na binti yake. Eunike hakumwamkia. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na alitazama mbele.

"Marahaba," alisema Tabea.

Mwezi uliofuata kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, ingawa wote wawili walikuwa wameketi palepale. Kisha nafasi ya watu wanne. Waliokuwa nyuma walisogea wapate kukaa vizuri. Tabea aliinuka, akasogea, akaketi. Mwezi mwingine aliinuka akasogea tena, na mahubiri yakafika yakaisha, na Eunike akaondoka kwa mlango kabla mama yake hajamfikia.

Kufikia mavuno ya kahawa Tabea hakuweza kumtambua binti yake kwa sura, ila kwa kitambaa chekundu cha kichwani, kidogo kama tunda, mbali sana mwisho wa benchi. Akafunga ndizi za kuchoma katika jani, akajaza maji kwenye kibuyu, akavua viatu. Kisha akaanza kutembea kando ya benchi. Kila alipopumzika alisema, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya kawaida, akaendelea.