Kengele ya Sebuleni

Kila Jumapili Mavis Hocking aliingia kanisani kwa mlango wa jikoni. Waumini wenzake, wote Watonga wa visiwa vya Pasifiki, walipanda ngazi za mawe za mbele wamejifunga mikeka yao ya ibada viunoni, wakiitana na kucheka. Yeye, na miaka yake themanini na mitatu, alizunguka nyuma penye matangi ya maji, akakaa peke yake kwenye stuli karibu na jiko kuukuu. Nyimbo alizisikilizia ukutani.

Kanisa hilo zamani lilikuwa jumba la Glenmarra, lililojengwa kwa pesa za sufu na tajiri mmoja wa kondoo aliyetaka majirani wamwonee kijicho. Mavis aliajiriwa humo akiwa na miaka kumi na minne. Sheria ya Bi Mkubwa, mwenye nyumba, ilikuwa moja: mtumishi hapiti mlango wa mbele, wala haingii sebuleni mpaka kengele ilie. Baadaye ukoo ukaisha, jumba likakaa tupu, hata kanisa likalinunua. Wakubwa wa mambo ya kale walikataza kung'olewa hata msumari, ndiyo maana kengele sita bado zinaning'inia ukutani jikoni, kila moja na jina la chumba ambamo kamba yake huvutwa. Sebule ikawa mahali pa ibada.

Bi Mkubwa alikwisha kufa miaka arobaini nyuma. Sheria yake ikakataa kufa. Mavis mwenyewe aliuona upuuzi huo, na alitamani mno kukaa kati ya watu, maana tangu amzike mumewe siku nzima iliweza kupita bila mtu kumtaja jina. Lakini kila akiukaribia mlango wa sebule, miguu ilimgomea.

"Bibi, huku jikoni unatupikia nini?" Sela, mke wa mchungaji, alimtania. "Hebu njoo mbele bwana!"

"Hapa pananitosha, mwanangu."

"Panakutosha wapi! Umejikunyata kama uliyefukuzwa."

"Sijaitwa," Mavis akasema, kisha akaona aibu.

Sela akamtazama, akatazama na zile kengele.

Jumapili iliyofuata, mahubiri hayajaanza, kengele ya sebuleni ikalia juu ya kichwa cha Mavis.

Alisimama kabla hajawaza. Akanyoosha aproni ambayo hakuwa ameivaa, akapita ukumbini hadi mlango wa sebule, akabisha, akafungua. Watu wote wakamgeukia. Sela alikuwa kando ya meko ya kuotea moto, kamba ya kengele bado i mkononi.

"Naam, Bi Mkubwa," mdomo wa Mavis ukasema wenyewe. "Nilete nini?"

"Usilete kitu, bibi. Kiti chako hiki."

Miaka kumi na miwili aliitikia kengele ile, na haikuwahi kumwita bila kumtaka abebe kitu. Sasa hakujua mikono aiweke wapi. Akaketi ukingoni mwa kiti, mgongo wima. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, naye bado alikuwa akingoja kuambiwa aende.