Sifuri ya Sabato

Niliitundika mizani kwenye fremu ya mlango wa ofisi ya mwalimu, ile ya kuning'inia yenye uso kama saa, nikauchomeka mkungu wa ndizi kwenye ndoano yake kabla hajaniuliza mimi ni nani.

"Soma," nikamwambia.

Hasira ndiyo iliyonibeba kutoka Magwagwa hadi Kisii mjini. Bodaboda ilikuwa inanisindikiza tu. Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa kupima majani chai. Niliwahi kumpima fahali huku anakimbia, na asiyeamini akamwulize fahali.

Siku mbili kabla ya hapo, binti yangu Bochaberi alinipa simu yake. Alikuwa akisoma kozi ya afya kwa mtandao, na zahanati iliyomwahidi kazi ilitaka cheti kufikia Ijumaa. Kwenye ukurasa wa alama paliandikwa kwa wekundu: 46. Kupita ni hamsini.

"Tata, nimeanguka."

"Umeangushwa. Lete kalamu."

Shule niliachia darasa la nne, lakini uzito naujua. Kazi za kila wiki zilibeba asilimia ishirini ya alama zote, jaribio thelathini, mtihani hamsini. Katika kazi alipata themanini kwa mia: hizo ni kumi na sita. Mtihani, sitini: hizo thelathini. Jaribio, sifuri. Liliwekwa Jumamosi, na Jumamosi sisi tuko kanisani. Mwalimu Mathew Anyona alikuwa amemwandikia kwamba amemsamehe. Kisha, mkono uleule, akajaza sifuri.

Sasa alikuwa mbele yangu, shati limepigwa pasi.

"Mzee, nilimsamehe asiadhibiwe. Lakini hakufanya. Asiyefanya ana sifuri."

"Mama asiyeleta gunia la chai, mimi nilipima upepo?" Nilipiga meza, ndizi zikayumba. "Kilichosamehewa hutoka kwenye mizani chenyewe na uzito wake! Ondoa hiyo thelathini. Imebaki sabini. Arobaini na sita gawa kwa sabini, mara mia. Sitini na sita kasoro kidogo! Umemnyonga mtoto kwa kisanduku kitupu!"

Alikuwa anaiangalia mizani.

"Wewe ndiye Masese wa Magwagwa?"

"Ndimi."

"Mama yangu ni Nyangate. Kila gunia lake ulikata kilo mbili."

"Uzito wa gunia tupu."

"Gunia lilikuwa robo kilo, mzee. Alilipima dukani."

Nilifungua mdomo nitafute hadithi. Mimi, niliyempima fahali mbioni, sikupata hata moja.

Akageukia kompyuta. Akafuta ile sifuri, akachagua neno "amesamehewa", na arobaini na sita ikaruka hadi sitini na sita mbele ya macho yangu.

"Cheti atakipata kesho," akasema. "Kosa lilikuwa langu."

Alilisema hivyo tu, bila kuzungusha. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Nikaishusha mizani, nikaukunja mnyororo wake. Ndizi nikaziacha mezani.

"Mpelekee mama," nikasema.

Mwalimu aliuinua mkungu kwa mkono mmoja, akaupandisha na kuushusha taratibu, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye kituo cha kupimia chai.

"Na hapa," akauliza, "umekata ngapi?"