Ekzosi Mbili za Magige

"Nimeshasema zile za kunguruma," Dafroza alirudia mara ya tatu, safari hii akiwa amezungukia upande wa kushoto wa mumewe ili asije akasingizia hakusikia.

"Na mimi nimeshasema sizitaki." Magige alikuwa ameinama, anaangalia chini ya gari. "Nina miaka sitini na moja, mama Hilda. Mzee wa kanisa. Nipite pale sokoni nanguruma, watu waseme nini?"

"Waseme huyo ana silinda sita. Si ndivyo ulivyokuwaga unaniambia?"

"Nilikuwaga nasema. Zamani hiyo."

"Sasa leo nimekubali, umegeuka. Wewe mtu wa namna gani?"

Leodgar, fundi wa ekzosi pale Nyasura, alijisogeza kutoka chini ya gari akiwa amelala juu ya boksi. Gari lenyewe ni Mark II nyeupe, ile GX 110. Alikuwa amelipandisha jeki tangu saa mbili asubuhi, na mpaka saa nne bado alikuwa anasubiri wenyewe wamalize kugombana. Kipande cha nyuma cha ekzosi kilikuwa kimeoza kabisa, kinaning'inia kwa waya. Kubadilisha ilikuwa lazima. Ugomvi ulikuwa wabadilishe waweke nini.

"Mama, ngoja nikupe ukweli," Leodgar alisema akijifuta mikono. "Njia ziko tatu. Ya kwanza, bomba linabaki moja mpaka nyuma, halafu mwishoni nalipasua yanakuwa mawili, naweka na midomo ya kung'aa. Hiyo ni bei ya chini kabisa, lakini ni ya macho tu. Sauti inabaki ile ile."

"Hiyo ni uongo."

"Ni uongo, ila unapendeza. Ya pili, nina ekzosi mbili za Mark X iliyogonga, ziko pale ukutani. Bomba naligawa chini ya siti za nyuma, kila upande unapata sailensa yake ya kumeza kelele. Sauti inakuwa nzito, ya heshima. Hiyo ni kama bei ya mbuzi watatu. Ukitaka mpya za kuagiza Dar, andaa ng'ombe."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ndiyo hiyo unayoitaka wewe. Natoa sailensa zote, natoa na yale masega ya kuchuja moshi kule mbele, yanabaki mabomba matupu mawili. Hiyo inasikika mpaka Kisorya."

"Masega hutoi. Nawajua nyie, mnayatoa kwenye magari ya watu mnaenda kuyauza."

Leodgar alicheka, hakubisha. "Sawa, yanabaki. Na bomba nitaweka inchi mbili tu, maana likiwa pana sana gari inakuwa nzito kuondoka. Lakini usikubali kwa maneno yangu. Kule Butiama kuna Baltazari, ana gari kama hii hii, nilimfungia mabomba matupu mwezi uliopita. Nendeni mkaisikilize. Huku nyuma nitawazibia matundu kwa bati na kukaza waya, isipige kelele njiani; mtafika na mtarudi."

Magige alinyoosha mgongo. "Twende," alisema. "Ukisikia mwenyewe utaacha kunisumbua."

Dafroza hakuwa mtu wa kupoteza pesa kwa mapambo. Alikuwa afisa ugani wa kilimo kwa miaka ishirini na saba, mwenye stashahada ya chuo, na wakulima wa pamba wa vijiji vya Bunda walimjua kwa ukali wake. Aliwafukuza mashambani waliopulizia dawa bila kufunika pua. Nyumbani alikuwa vilevile. Magige aliponunua gari lile kwa mwalimu mmoja wa Musoma, alikuja na ombi moja tu. Alisema injini ya silinda sita ina sauti yake, nzuri, ila imefungwa mdomo. Apate ekzosi mbili tu, injini iseme. Dafroza akamwambia amalize kwanza ada ya Hilda. Mwaka uliofuata ikawa bati. Halafu kisima. Mwishowe Magige akaacha kuomba.

Na hilo halikuwa ombi pekee alilomkatalia. Magige alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba miaka kumi na minane, amesimama pembeni ya mashine, mashine ikiwa upande wake wa kulia, msimu baada ya msimu. Watu wa pale walikuwa na desturi yao: asubuhi unachukua pamba kidogo, unaviringisha vidonge viwili, unaziba masikio, unaingia kazini. Kila mtu aliamini pamba inazuia kelele. Dafroza mwenyewe ndiye aliyekuwa akimviringishia mumewe vile vidonge, mezani, pamoja na chai. Magige alipoanza kusema masikio yanapiga filimbi usiku na kwamba ghalani kuna nafasi, mshahara mdogo lakini kumetulia, alimjibu, "Hilda akimaliza kidato cha sita." Hilda alimaliza. Akafuata mdogo wake.

Wiki tatu zilizopita daktari wa masikio kule Musoma aliuliza mgonjwa alikuwa akijikinga na nini kazini. Dafroza akajibu kwa niaba yake, kwa sauti ya mtu anayejua kazi: pamba. Daktari hakucheka. Alisema tu kwamba pamba haikuzuia karibu chochote, kwamba sikio la kulia limekwisha na la kushoto limebaki nusu, na kwamba hiyo nusu itaendelea kupungua. Tangu siku hiyo Dafroza alikuwa na haraka. Ekzosi zilikuwa kitu pekee ambacho Magige aliwahi kukiomba kwa ajili yake mwenyewe na ambacho bado kilikuwa kinawezekana, kabla ile nusu haijaisha.

Magige aliendesha taratibu, waya wa Leodgar ukishikilia. Walipita Makutano wakakunja kulia kuelekea Butiama. Njiani Dafroza aliendelea.

"Mimi sikuelewi. Mtu anakuletea kitu ulichokililia miaka kumi, unamtolea macho."

"Sijakutolea macho."

"Jana Tabitha wa kwaya kaniuliza kama baba Hilda amekasirika, anamsalimia hajibu."

"Tabitha anaongea chini chini kama anahesabu vijiko. Hata nikiwa mzima nilikuwaga simpati."

Dafroza alitaka kununa, akajikuta anacheka. Wakaongea habari za Tabitha, wakaongea habari za dada yake Dafroza aliyeko Murangi na mwanawe aliyeoa bila kumwambia mtu. Magige akasema ng'ombe wa mahari watakuwa wameenda kwa miguu ya kunyata, na Dafroza akacheka tena. Hakuona ajabu yoyote katika mazungumzo hayo. Aliyaona ni maongezi ya kawaida ya mume na mke.

Baltazari walimkuta anaosha gari. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, muuza vipuri vya pikipiki, na aliposikia wametumwa na Leodgar alifurahi kama mzazi anayeombwa kumwonyesha mtoto.

"Mzee wangu, kaa hapo mwenyewe uwashe," alisema, akampa ufunguo.

Magige aliwasha. Dafroza aliyekuwa amesimama nje aliruka hatua moja nyuma. Kuku walitawanyika. Aliinama dirishani kuangalia uso wa mumewe, na kweli Magige alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo hakuwa amelionyesha tangu Musoma. Alikanyaga mafuta kidogo, akaachia. Dafroza akajisemea kimoyomoyo: nimepatia.

"Nendeni hata mpaka kule mbele," Baltazari alisema.

Dafroza akaingia, akakaa upande wake. Wakatoka. Gari lilipochanganya mwendo sauti ikajaa ndani, ikapanda kutoka chini ya siti mpaka kwenye vioo.

"Umeona sasa?" Dafroza alisema.

Magige aliangalia barabara.

"Baba Hilda, umeona?"

Dafroza akapandisha sauti, akauliza tena kama amezipenda, na hapo ndipo mumewe alipokunja uso. Alitoa mkono mmoja kwenye usukani akaliziba sikio la kushoto, lile lililobaki, kama mtu aliyechomwa. Tabasamu lilikuwa limeshaondoka. Akapunguza mwendo, akageuza gari pale pale barabarani, akalirudisha kwa mwenyewe. Baltazari alipouliza, alimwambia ni gari zuri sana, na kwamba injini anaitunza vizuri. Lilikuwa jibu la kweli.

Walikuwa wameshaiacha Butiama nyuma kabisa ndipo Magige akaongea.

"Unajua kwa nini siku hizi nakupeleka Murangi mwenyewe? Zamani si nilikuwaga nakuacha upande hiace."

"Umestaafu. Huna kazi."

"Humu ndani nakusikia."

Dafroza alimgeukia.

"Wewe uko kushoto," Magige alisema, macho yakiwa barabarani. "Vioo vimefungwa, gari imetulia, hakuna mtu mwingine. Maneno yako yananifikia yote. Nyumbani sikusikii, mama Hilda. Redio, masufuria, watoto wa jirani. Nakubali tu kwa kichwa."

Dafroza akakumbuka vile vichwa vya kukubali. Mwaka mzima, labda miwili. Alikuwa akiwaambia watu kanisani kwamba mumewe uzeeni amekuwa mtiifu.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Ukiona sijaitikia unapandisha sauti. Ukipandisha inaniuma, na maneno bado siyapati. Ni kama ile gari ya Baltazari."

Walienda kama kilomita mbili. Ng'ombe walikuwa wanavuka, Magige akasimama kuwapisha.

"Nilitaka kukulipa," Dafroza alisema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, akaona kwamba amesikika.

"Najua. Hizo ekzosi ulikuwa unajinunulia wewe."

"Na ghalani. Ningekuacha uende ghalani."

"Ungeniacha, ndiyo." Magige hakuwa na hasira, lakini hakulainisha. "Ulinikatalia nikiwa na masikio. Ilinikera. Hata sasa inanikera kidogo. Lakini hailipiki, usihangaike nayo."

Dafroza aliangalia mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamesimama makavu. Alikuwa amewafundisha watu wengi sana kujikinga, na nyumbani kwake alikuwa akiviringisha pamba.

Saa nane walikuwa wamerudi Nyasura. Leodgar alikuwa ameshaziteremsha zile ekzosi mbili za Mark X ukutani, amezipangusa, amezilaza juu ya mfuko wa saruji. Zilikuwa nzuri, hazina kutu.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Ile ya Baltazari inachosha. Nilijua mtarudi kwenye hizi. Mzee, shika hiyo, ona uzito wake."

Magige alipiga goti, akaishika moja, akaipitishia kiganja kutoka shingoni mpaka mkiani. Akaishika na ya pili. Hakuharakisha. Dafroza aliona jinsi vidole vyake vilivyozunguka mdomo wa bomba, na akajua kwamba hamu ile haikuwa imekufa. Ilikuwa hai, miaka yote hiyo.

"Leodgar," alisema Dafroza, "ukifunga hizi, ndani ya gari itaongezeka sauti?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Usiniuzie."

Fundi akafikiri. "Ukifika themanini kutakuwa na mvumo chini ya siti. Watu wanaupenda. Kuongea mtaongea, ila mtanyanyua sauti kidogo."

Dafroza alimwendea mumewe, akachuchumaa kushoto kwake. "Ni mvumo. Si kelele," alimwambia polepole. "Ule uliokuwa unausema. Ukiutaka, afunge sasa hivi. Mimi nitanyamaza njiani."

Magige akailaza ile ya mkononi chini karibu na mwenzake, akazipanga zilingane. "Mwaka ule ningefunga hata usiku," alisema. "Sasa achana nazo. Nataka nijue huyo kijana wa Murangi ametoa ng'ombe wangapi."

Dafroza alisimama.

"Zirudishe ukutani," alimwambia Leodgar. "Tuwekee sailensa moja, nzito kuliko zote ulizonazo, isiyo na tundu hata la sindano. Raba za kushikilia zote weka mpya, nisisikie kitu kinagonga. Kata hicho kilichooza."

"Moja? Mama, hii ni silinda sita."

"Najua silinda zake. Kata."

Leodgar alimwangalia mzee, mzee akamkubalia kwa kichwa. Fundi akavaa miwani, akavuta waya wa grenda ya kukatia, akaingia chini ya gari. Kabla diski haijagusa chuma, Dafroza alikuwa ameshamshika mumewe mkono. Alimtoa pale uani, akamvusha barabara, akampeleka mpaka nyuma ya ukuta wa shule ya jirani ambako grenda ilisikika kama nyuki wa mbali, wakasimama huko mpaka kazi ikaisha.