Sweta ya Enoch Bagshaw

Mgeni alipovua koti lake, Kezia Bagshaw aliacha kusikiliza.

Ukumbi wa kanisa la Calderwick ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Dorcas Wildgoose, jirani yake, alimwekea Kezia nafasi ya mbele, karibu na jiko, kwa kutandaza sketi yake pana juu ya benchi mpaka watu wakachoka kuomba pale mahali. Dorcas hufanya mambo kama hayo bila kuambiwa. Wote walikuja kumwona Jabez Tresidder, baharia wa Cornwall, aliyekaa miezi ishirini katika barafu ya kaskazini akarudi hai. Magazeti yalimwita shujaa. Katika meli ile ile alikuwamo Enoch, mume wa Kezia, mfua chuma wa kijiji, naye hakurudi.

Taa ya kuonyeshea picha ilikuwa na joto kali, ndiyo maana mgeni akavua koti. Ndani alivaa sweta nzito ya buluu. Mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, ulikuwa na mstari mmoja wa mawimbi uliogeuka juu chini.

Kezia aliujua mstari ule. Aliukosea yeye mwenyewe alipokuwa akiifuma, majira ya baridi kabla Enoch hajaondoka, siku ambayo kitoto cha Dorcas kililia hadi akapoteza hesabu. Alipotaka kuufumua, Enoch alimshika mkono. "Uache, mke wangu," alisema. "Nikipotea watanijua kwa huo."

Mchungaji Ormerod akasimama, uso unamng'aa. "Bwana Tresidder, tumeagiza bamba la shaba la kumkumbuka Bwana Bagshaw wetu. Fundi anangoja maneno tu. Tuambie, alikufaje?"

Mgeni alitazama viatu vyake. Kisha akasema kwamba barafu ilipasuka chini ya sleji ya mizigo, ile inayoburutwa juu ya theluji, kwamba Enoch aliwasukuma wenzake wawili wakaokoka, na yeye akaenda chini. "Hatukumwona tena," alimaliza.

Wanawake walilia. Wazee walivua kofia. Dorcas aliubana mkono wa Kezia, lakini mkono ule ulikuwa baridi kama bomba. Enoch aliandika katika barua yake ya mwisho kwamba ile sweta hata kulala analala nayo. Kama alizama na barafu, nani alimvua?

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia kwenye kiwiko.

Wakati wa chai Kezia alimtazama mgeni jinsi paka anavyotazama shimo. Alimwona akimega keki ya tangawizi, akiichovya kwenye chai na kumlisha Mzee Hallam asiye na meno. Mwizi naye ana mama aliyemfundisha adabu, alijiambia.

"Shoga, mbona uso umekuganda?" Dorcas alimnong'oneza. "Hukusikia? Mumeo shujaa!"

"Nimesikia. Na nimeona pia. Amevaa sweta ya Enoch."

"Aa, sweta za buluu zimejaa Uingereza nzima!"

"Zenye kosa langu?"

Dorcas alitazama kile kiwiko, kikombe kikabaki njiani kuelekea mdomoni. "Unadhani alimfanya nini?"

"Nadhani mtu mwenye baridi kali anaweza kumvua mwenzake kabla hajakata roho."

Kezia alikwenda moja kwa moja kwa mgeni. "Bwana Tresidder, kesho asubuhi kabla hujasafiri utakunywa chai kwangu."

Yule bwana aliweka kikombe chini, akaitikia kwa kichwa. Mchungaji akafurahi. "Vizuri sana! Nawe, Mama Bagshaw, utanipa maneno ya bamba?"

"Subiri kwanza, Mchungaji. Shaba ikishachongwa haifutiki."

Asubuhi Tresidder alifika, kofia mkononi. Alimkuta Dorcas tayari yuko mezani na ndoo ya viazi na kisu, kwa madai kwamba kwake hakuna mwanga wa kumenyea.

"Kaa," Kezia alimwambia. "Vua koti. Lete mkono wa kushoto." Akaweka kidole juu ya ule mstari. "Huu ni ujinga wangu mimi. Sasa niambie. Mume wangu alizama, halafu sweta ikaogelea ikakufuata?"

Kisu cha Dorcas kilinyamaza.

"Hakuzama, mama," Tresidder alisema polepole. "Alikufa kitandani kwake, mwezi wa pili. Kiseyeye. Fizi zilimvimba, miguu ikawa myeusi. Wiki sita."

"Mkamwacha peke yake."

"Hata saa moja hatukumwacha. Tulipeana zamu."

"Kila mtu husema hivyo."

"Ndiyo, mama. Husema."

Akamweleza habari ya sweta. Baharia akifa, alisema, nahodha hupiga mnada vitu vyake chini ya mlingoti mkuu. Mtu hununua soksi iliyotoboka kwa bei ya wazimu, kisha huirusha tena mbele ya nahodha iuzwe upya, na fedha zote huenda kwa mjane. "Sweta ya Enoch ilinunuliwa mara kumi na moja. Nahodha akaona jua linakuchwa, akasema atakayefuata aivae, mchezo uishe. Nikafuata mimi."

"Hadithi tamu," Dorcas alidakia. "Na wewe ukawa wa mwisho kwa bahati tu, masikini wa Mungu!"

Kezia alifikiria bahasha ya fedha iliyomfikia kutoka melini mwaka uliopita. Iliandikwa kuwa ni bei ya vitu vya Enoch, lakini ilikuwa nene mno kwa nguo za mfua chuma. Aliificha ndani ya birika bovu bila kutumia hata senti, akiamini ni fedha za kumziba mdomo. "Jana ulidanganya kijiji kizima," alisema. "Kwa nini leo nikuamini?"

"Katika ukumbi wa kwanza wa safari hii nilisema kweli. Mama wa kijana mmoja aliyekufa kama Enoch akaambiwa na jirani yake, 'Kumbe wako aliuawa na meno.' Niliona alivyoinama. Tangu hapo nikiulizwa, hafi mtu kitandani."

Kezia alimimina chai, ingawa hakuwa amekusudia kumpa. "Alikuwa jasiri?"

Tresidder alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Alikuwa mwoga kuliko sote. Kila asubuhi akifumbua macho anasema kwa sauti, 'Leo naogopa, jamani.' Mwanzo tulimcheka. Baadaye tukawa tunangoja aseme. Sisi wengine tuliogopa kimyakimya, na hofu ya namna hiyo inakula mtu. Akishasema yeye, unaweza kuinuka ukafunga buti. Asubuhi ya kwanza baada ya kumzika hakuinuka mtu. Basi nahodha mwenyewe akaja, akasimama mlangoni, akasema, 'Leo naogopa, jamani.' Ndipo tukainuka."

Kezia aligeukia dirisha. Yule alikuwa Enoch kabisa, Enoch aliyesema vivyo hivyo asubuhi ya harusi yao, mbele ya mama mkwe. Moyo ulitaka kukubali, lakini aliuzuia. Mtu aliyelala karibu naye miezi yote ile angeyajua maneno hayo hata kama baadaye alimvua.

"Nitajie walioinunua."

Alitaja majina kumi na moja bila kusita. Kezia aliyaandika yote, akafumba macho, akashusha kidole. Septimus Garbutt, wa Hull. "Nitamwandikia huyu. Wewe usimwandikie."

"Sitamwandikia." Tresidder akavua sweta, akaikunja vizuri na kuiweka mezani. "Niliivaa ili nije nikupe. Jana kabla ya mkutano nilifika hapa mara mbili, nikarudi. Barafu sikuikimbia, mama. Mlango huu niliukimbia."

Akatoka na koti lake jepesi, na ule mwezi wa nne wa milimani una upepo unaouma. Dorcas alimtazama hadi kwenye lango, kisha akatupa kiazi, akachomoa skafu ya mumewe shingoni mwake mwenyewe na kumkimbilia. "Chukua! Ukigundulika ni mwizi nitaidai!"

Barua ya Kezia ilikuwa fupi: naomba kujua nani alibaki na sweta ya mume wangu, na kwa nini. Zaidi ya hapo hakuandika kitu.

Wiki tatu zilipita. Mchungaji alikuja mara tatu, kila mara mpole zaidi na mwenye haraka zaidi. Kisimani watu walisema bila kupunguza sauti, "Mwanamke gani huyu, anaona wivu mumewe kuwa shujaa?" Kezia alichota maji yake akaondoka. Usiku sweta ilikaa juu ya kiti cha Enoch, naye hakuigusa, maana hakujua bado ilifikaje hapo.

Jibu lilipofika, alimwita Dorcas ndipo akalifungua. Herufi zilikuwa kubwa, zimelala huku na huku.

"Mama Bagshaw, mimi si mwandishi. Sweta anayo Tresidder, nahodha alimlazimisha. Mimi niliinunua wa nne. Ilinikaa vizuri na baridi ilikuwa kali, nikatamani kubaki nayo. Nikairudisha. Kaburi liko nchi kavu, juu ya mwinuko. Tuliweka mawe makubwa ili dubu wasimfikie, na Tresidder alibeba mengi ingawa mkono ulikuwa umevimba. Hapa Hull kila asubuhi nasema yale maneno ya Enoch, kwamba leo naogopa. Mke wangu ananicheka."

Dorcas alijifuta macho kwa aproni. "Ana kaburi, shoga."

"Ana kaburi," Kezia alisema. Alirudia mara mbili, kama mtu anayeonja chumvi. "Na watu walikuwa naye."

Mchana ule alimpelekea Mchungaji Ormerod kipande cha karatasi. Mchungaji alisoma, akavua miwani, akasoma tena: *Enoch Bagshaw, mfua chuma. Alikufa kitandani, wenzake wakiwa naye. Aliogopa, na akasema.*

"Mama Bagshaw," alisema taratibu, "watu walikwisha kumlilia yule wa barafuni. Watasemaje?"

"Watakaa mwezi mmoja wakisema. Halafu siku moja mmoja wao atakuwa na hofu, ataingia humu kanisani peke yake, atasoma."

Mchungaji aliikunja karatasi akaitia katika mfuko wa kifuani. Siku ya pili yake fundi alianza kuchonga.

Jioni Kezia aliichukua sweta kwenye kiti. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimechakaa, akakitililia kwa uzi mpya. Ule mstari wa kushoto aliuacha kama ulivyo. Aliifunga katika karatasi, akaandika jina la Jabez Tresidder, Cornwall, na kabla hajafunga kamba Dorcas alisukumia ndani kijikaratasi chake.

"Umeandika nini?"

"Kwamba skafu abaki nayo."